Mzee Onesphore na Kikundi cha Nyuzi Nane

Ndugu waombolezaji, familia inaomba mtulie mpaka mwisho, kwa sababu marehemu aliagiza historia yake isomwe yote, pamoja na sehemu ambayo wengine wangependa iachwe.

Mzee Onesphore Bigirindavyi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, Makamba, Burundi, akasoma huko hadi darasa la sita, baba yake alipofariki akaingia useremala, na ubao wa kwanza aliopewa kutengenezea kiti akauchonga inanga, ala ya nyuzi nane, akaipiga mapajani mpaka aliyeagiza kiti akacheka. Tarehe 25 Julai 1987 alifunga ndoa na Mama Adélaïde, wakajaliwa Jeannette, Régis na Alida.

Vita viliwaleta hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Mei 2003, na mwaka uliofuata akaanzisha Nyuzi Nane pamoja na Anselme, mpiga filimbi kutoka Uvira, kikundi kilichopiga nyimbo za wazee harusini na misibani kwa miaka ishirini.

Tarehe 10 Machi 2018, wakielekea harusini Mbarara, gari lilisimamishwa na polisi karibu na Kabingo, Anselme hakuwa na kitambulisho, wenzake wakataka warudi wote. Mzee akasema, "Anselme, shuka, sisi tuendelee." Walipiga, wakashangiliwa, naye Anselme akakaa kizuizini siku kumi na moja, na katika siku hizo mama yake mgonjwa akafa, akazikwa bila yeye. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, Mzee alikwenda Rwekubo kugonga mlango wa Anselme, karibu miaka sita, na mlango haukufunguliwa.

Januari 2024 Mzee aliugua uvimbe wa koo, akalazwa Mbarara. Tarehe 29 Aprili Anselme aliingia wodini, akasimama miguuni pa kitanda.

"Ile siku ulinishusha juu ya nini?"

Mzee, aliyebaki na mnong'ono tu, angeweza kutaja kikundi, au harusi. Akajibu, "Niliogopa, ndugu yangu. Hakuna ingine."

"Mama alikufa akiniita."

"Najua."

Sote tulishusha macho. Anselme hakusema amesamehe, wala hatutamsemea hapa mbele yake, ila alivuta kiti, akapokea bakuli la uji kwa Mama Adélaïde, akamlisha Mzee kwa mkono wake siku nne, mpaka asubuhi ya tarehe 3 Mei, alipoweka kijiko chini na kusema, "Amemaliza."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi, wanakikundi wote, na wewe Anselme, uliyekuja.

Baba, Mungu akupokee, upumzike.