Begi la Muzee Kitwana

Wasikilizaji wapendwa, ninyi wa mtaa wetu wa Murara mnamjua hata nisipomtaja. Tunamkumbuka Muzee Kitwana Mahamudi, dereva wa lori, aliyetutoka Alhamisi. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Muzee Kitwana, yule mtu wa begi.

Lilikuwa begi la turubai, la kijani. Ndani mlikuwa na sufuria, blanketi na karatasi za nyumba. Mwaka 2002 volkano ilipolipuka, lava ilimeza nyumba yake na kila karatasi, akavuka mpaka wa nchi kwenda Gisenyi na ufunguo tu mkononi. Tangu siku hiyo alikula amevaa viatu, begi likiwa karibu na mguu. Mwaka 2012 waasi walipoingia mjini, alibeba begi. Mwaka 2021 volkano iliporudi, alibeba begi mpaka Sake. Binti yake Ramla anasema, "Papa hakukuwa nakaa. Alikuwa natua tu."

Majirani walizoea kumtazama. Muzee akipita na begi, nawe unafunga mlango ukimbie. Hakuna aliyengoja tangazo la redio, na sisi wa redio tukubali tu: mara nyingi alitutangulia.

Sasa sikilizeni. Ni Julai 2022, siku ya pili ya Idd. Familia imekula pilau pamoja. Kuna mapigano upande wa Rutshuru, na mji mzima roho juu. Mjukuu wake Shakila, mwalimu, ameandaa maandamano ya tabianchi. Watoto sabini wa shule, wakidai msitu uachwe, usikatwe tena. Akamwomba babu atangulie mbele. Miaka thelathini Kitwana alikuwa amebeba kwa lori makala, makaa ya kupikia, kutoka Kibumba, na kila mwaka miti ilikuwa mbali zaidi. Jambo hilo lilimuuma, na siku hiyo alilisema mbele ya wote waliokuwa wanakula. Akakubali, akainuka. Na mkono, kwa mazoea, ukakamata begi.

Mnaona kitakachotokea? Walipoingia barabarani, muzee mbele na watoto nyuma, hakuna aliyesoma mabango. Watu waliona begi. Milango ikaanza kufungwa. Godoro likatoka dirishani. Mama mmoja akaita wanawe kwa majina, na wanafunzi wadogo wa Shakila wakaanza kulia na kuachiana mikono. Shakila alikuwa amewaahidi wazazi kwamba kila mtoto atarudi. Umati ungekimbia, watoto sabini wangekanyagwa.

Kitwana mwenyewe hakuelewa wanakimbia nini. Aligeuka kutazama mlima wa volkano. Kisha akaona macho yote yako kwenye mkono wake, na aibu ikamshika. Akavuka barabara mpaka kwa jirani yake Mama Mwavita, aliyekuwa anafunga mlango kwa kufuli, akampa begi mbele ya wote.

"Mama Mwavita, unichungie hii begi. Leo siko nakimbia. Niko natembea na batoto, nitarudia magaribi."

Mwavita anatuambia alilipokea kwa mikono miwili, maana kwa miaka ishirini hakuwahi kumwona muzee akimwachia mtu begi lake. Godoro likarudi ndani. Waliokuwa wamefunga milango wakaiacha imefungwa, wakaingia kwenye mstari. Muzee akashika mtoto huku, mtoto huku, wakatembea. Watoto sabini walikwenda. Sabini wakarudi.

Magharibi alipita kwa Mwavita, akanywa chai, akasema begi atalichukua kesho. Kesho yake akasema kesho. Tusidanganyane, viatu hakuvua, na usingizi wake ulibaki wa mang'amung'amu. Lakini Oktoba, waasi walipouteka mji wa Kiwanja, Mwavita alimletea begi mlangoni, naye akatoa karatasi za nyumba tu, mengine akamwambia akayachunge.

Pole nyingi kwa Ramla, kwa Shakila, na kwa ukoo wote. Mungu amlaze pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, najua mna begi nyuma ya mlango. Hata mimi ninalo. Jiulizeni ni lini mlipita barabara hii mara ya mwisho mkiwa mmeshika mtoto tu. Begi la Muzee Kitwana lingali kwa Mwavita. Jana alilipeleka msibani, na Ramla akamwomba aendelee kulichunga mpaka kesho.