Deolinda Furtado na Meza ya Maktaba

"Deolinda, huyo mjukuu wako anaongea lugha gani?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo aliulizwa Deolinda Furtado na jirani yake Eulália, wakianika nguo, kila mmoja upande wake wa uzio. Ilikuwa hapa hapa Fall River, miaka kumi na tisa iliyopita. Deolinda hakugeuka hata kidogo. "Anaongea na mimi. Wewe nani kakualika?"

Deolinda ametutoka Jumatatu, akiwa na miaka themanini na moja. Leo tunamkumbuka, na tutacheka, maana yeye mwenyewe hakuweza kukaa na uso wa msiba hata msibani.

Mjukuu huyo ni Natércia. Alikuwa na miaka saba, akisoma shule ya parokia. Kichwa chepesi, lakini maneno yalimtoka yamevunjika vunjika. Bibi yake peke yake ndiye aliyemwelewa. Watu wakasema: mhamishe, mpeleke shule ya serikali, huko kuna mwalimu wa matamshi. Lakini marafiki zake wote walikuwa parokiani, na alikuwa akijiandaa kwa komunyo ya kwanza. Deolinda alitaka vyote viwili: mtoto aseme, na mtoto abaki.

Basi akafanya kosa letu sote. Akaenda kwa padre. Sisi Wareno wa huku Marekani, bomba likivuja, padre. Barua ya uhamiaji ikija, padre. Miezi miwili alimvizia Padre Anselmo mlangoni kila baada ya misa, mpaka padre akashika kichwa.

"Dona Deolinda, mimi si jiji! Iandikie ofisi ya elimu maalumu. Mtoto anaishi mjini humu. Jiji lina wajibu wa kumpima, bure, hata kama anasoma kwetu."

Narudia, wasikilizaji. Hata kama anasoma shule ya kanisa. Bure. Ila uombe kwa maandishi.

Deolinda, aliyeshona makoti kiwandani miaka thelathini, aliandika mistari minne. Usiku ule alisali rozari nzima. Asubuhi akaipeleka barua mwenyewe, akaomba igongwe muhuri mbele ya macho yake. Mtoto akapimwa. Ikaonekana kweli anahitaji msaada.

Ofisa wa jiji, Bi Haggerty, akaleta habari nyingine. Mwalimu wa serikali haruhusiwi kumfundisha ndani ya shule ya kanisa. Lazima pawe mahali pasipo na dini.

"Jikoni kwangu, basi," akasema Deolinda.

Bi Haggerty akaenda kukagua. Juu ya friji, sanamu ya Mama Maria wa Fatima. Rafuni, taji la fedha la sikukuu ya Roho Mtakatifu. Pembeni ya redio, Mtakatifu Antoni. Rozari imening'inia kwenye bomba la maji.

"Mama, hapa ni kanisa zaidi ya kanisani. Labda tukiwashusha kidogo?"

"Nimshushe Mama Maria? Binti yangu, yeye ndiye aliyekufungulia mlango. Kaa, unywe supu."

Bi Haggerty alicheka mpaka akakaa. Akala mabakuli mawili ya supu ya sukuma wiki. Akiwa kwenye bakuli la pili, akakumbuka maktaba ya jiji, ng'ambo tu ya barabara ya shule. Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, meza ya dirishani. Natércia akabaki shuleni kwake, na mwalimu akapatikana.

Kwa Natércia, na kwa familia yote ya Furtado, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu ampumzishe mama yetu. Na wewe unayesikiliza, mwenye mtoto anayehangaika na maneno, jiulize leo: umekwishaandika barua?

Natércia, ambaye sasa ni muuguzi, amenisimulia jambo moja. Miezi mitano ya kwanza, bibi alikaa naye kwenye meza ile, akimtafsiria mwalimu kila neno. Alhamisi moja mwalimu akauliza, "Jumapili mlikula nini?" Deolinda akafungua mdomo ajibu. Mtoto akaweka mkono juu ya mkono wa bibi yake.

"Bibi, nenda nyumbani. Nitasema mwenyewe."

Kila neno lilisikika, mpaka kwa mtu wa kaunta. Deolinda akamtazama. Akachukua mkoba wake, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka nje.