Mbili Iliyosomwa Kumi na Tisa

Kwenye tramu ya Brunswick, Imogen alijifanya anasoma kitabu, kumbe masikio yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Vijana wawili walikuwa wakienda kwa Maeve, mwenzao asiyeona, kucheza ule mchezo wa kusimulia ambamo dadu ya pande ishirini huamua nani apone na nani afe: namba kubwa huokoa, ndogo huua.

“Juzi alirusha, ikatoka mbili,” alisema Callum. “Yule mchawi wake wa mchezoni, aliyemkuza kwa miaka sita, alikuwa ameshakufa, bwana! Nikamsomea kumi na tisa.”

“Mwongo mkubwa wewe!”

“Nilimhurumia, Darcy. Na alifurahi, akanishukuru mno.”

Darcy akamtazama. “Ukishamsomea, dadu huiokota nani?”

“Mwenyewe. Huipapasa, halafu huiokota.”

“Na namba zake zimeandikwa au zimechongwa?”

“Zimechongwa,” Callum akasema polepole. Imogen akakifunga kitabu. Vidole vya Maeve vilikuwa vimeisoma mbili, na bado mwenye vidole akashukuru.

“Leo umwombe radhi,” Darcy akasema.

“Nimwambie nini asichokijua? Na kama ananihurumia mimi?”

“Mwambie hivyohivyo!”

Tramu ikasimama kwenye kituo cha kwa Maeve. Darcy akashuka. Callum akabaki ameshika mlango, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na dereva akapiga kengele.