Karani Aliyepunguza Darasa Likabaki na Mtoto Mmoja

Miaka thelathini na moja, miezi kumi na wakuu watano wa shule: huo ndio utumishi wa Bi. Hannah Kavata, karani wa Shule ya Msingi Kiriko, Dagoretti, anayestaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Wakuu hao watano wote walipewa vyeti vya uongozi bora. Bi. Hannah alipewa funguo za kabati.

Alikuja Januari 1994 na taipureta yake mwenyewe, kwa sababu ile ya shule ilikuwa imeng'oka herufi R, na barua zetu zote zilikuwa zikitoka Shule ya Msingi Kiiko. Ofisi ya elimu, kule katikati ya jiji, ilikuwa ikizijibu bila kushangaa. Ofisi hiyo hiyo humtumia kila mwaka fomu ya kuwahesabu watoto: wavulana wangapi, Waislamu wangapi, yatima wangapi, wanaolala kwenye nyumba za mabati wangapi. Huuliza hata sakafu ni ya nini. Haijawahi kuuliza mtoto ameamka saa ngapi.

Lakini jambo litakalokumbukwa ni orodha ya mwaka 2013. Wastani wetu katika mtihani wa taifa wa mwaka uliotangulia ulikuwa alama 231 kati ya 500, na akademia jirani ya kibinafsi ilikuwa imetundika barabarani bango la wastani wake, 371. Kamati ya shule ilikutana kwa hasira. Mwenyekiti, Mzee Gichuru, mwenye nne kati ya ploti za vyumba vya kupangisha zilizo nyuma ya machinjio, aligundua kosa liko wapi: wapangaji wake wanazaa, na watoto wao wanakuja shuleni kwetu. Kodi yao, tuseme ukweli, haikuwa na tatizo lolote la wastani.

Kamati ikaazimia kwamba kila mtoto wa darasa la nane aliye chini ya wastani atafutiwe shule nyingine kabla ya usajili wa mtihani. Kila mtu mle ndani alijua kwamba wanaokusudiwa ni watoto kumi na saba wa ploti. Kwa adabu hawakutaja ploti, wakataja wastani. Adabu hiyo ndiyo iliyowaponza.

Bi. Hannah aliambiwa apige taipu orodha. Wiki iliyofuata alileta kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina thelathini na matatu kati ya sitini na manne, kwa kuwa katika darasa lolote duniani karibu nusu huwa chini ya wastani, jambo ambalo wanakamati tisa, wawili wao wenye shahada, hawakuwa wamelifikiria. Watoto watatu wa wanakamati walikuwemo. Ukurasa wa pili ulionyesha kwamba hao wakiondoka wastani utapanda, na wengine kumi na sita watajikuta chini yake. Nao wakiondoka, wanane zaidi. Aliendelea kusoma majina taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Ukurasa wa nne ulikuwa na jina moja tu, la aliyebaki: Afnan Abdulrauf, alama 402 katika mtihani wa majaribio, binti wa mchinjaji kutoka Lamu, mkazi wa chumba namba sita katika ploti ya Mzee Gichuru. Kwa Afnan peke yake, Bi. Hannah alieleza, Kiriko ingeipita akademia.

Ciru, mwakilishi wa wazazi wa darasa la pili, ndiye aliyeuliza kwanza. "Na huyo mmoja atacheza mpira wa kati na nani?"

Mzee Gichuru hakucheka. "Hannah, kazi yako ni kupiga taipu, si kufikiria."

"Ndio, Mzee. Nimepiga tu vile mlisema."

Ajenda ikafutwa. Watoto wote sitini na wanne walifanya mtihani, wastani ukawa 229, na dunia haikuisha. Kilichokaribia kuisha ni kazi ya Bi. Hannah. Kandarasi yake, ambayo mwenyekiti huisaini kila muhula, ilikaa wiki kumi na moja bila sahihi. Alifika kila asubuhi, akafungua kabati, akafanya kazi. Kalamu ya Mzee ilipatikana siku mkaguzi alipotaka rejista na ikabainika kwamba hakuna mwingine anayejua zinawekwa wapi.

Mwaka uliofuata alichora kwa penseli safu yake pembeni ya rejista, akaandika kila mtoto ameingia langoni saa ngapi. Tukaona kile ambacho fomu zote hazikuona: watoto wa ploti huosha matumbo ya ng'ombe machinjioni na wazazi wao alfajiri, wakafika somo la kwanza likiisha. Somo la kwanza lilikuwa hisabati. Tukaihamishia baada ya chai, na katika miaka miwili wastani ukafika 258. Mkuu wa wakati huo aliitwa kwenye semina hotelini kueleza siri yake. Alieleza kwa saa nzima bila kumtaja karani.

Mtihani ule sasa umefutwa na mtaala umebadilika. Tamaa ya kuwafukuza watoto haijabadilika. Mwezi uliopita kamati, bado chini ya Mzee Gichuru, ilijadili "kuwapanga upya" watoto wa ploti, ambao ni 212 kati ya wanafunzi wetu 871. Safari hii wameerevuka, hawakutaja wastani. Wanangoja tu karani mpya.

Bi. Hannah alipoulizwa anataka zawadi gani, alikataa saa ya ukutani. Aliomba azimio moja: kwamba hakuna mtoto atakayeondolewa Kiriko kwa sababu ya alama zake wala nyumba anayotoka. Azimio hilo liko nyuma ya programu hii ya kumuaga, na chini yake pana nafasi ya sahihi ya mwenyekiti. Tulichapisha nakala mia nne kwa wapiga chapa wa River Road jana, na kila mzazi aliyeketi hapa anayo mkononi.

Bi. Hannah, ahsante kwa kutuhesabu sote bila kumwacha mtu. Tunakuombea afya, shamba lenye mvua kule Machakos, na asubuhi nyingi za kulala hadi jua lichome. Ila tafadhali usiinuke kwenye kiti hicho kabla Mzee Gichuru hajasaini.