Miaka sita ya dada yangu na kopo la unga mweupe

Ndugu, majirani na marafiki mliofika, familia imeniomba mimi, mdogo wake wa kiume, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama nilivyoyaandika jana, bila kuongeza neno, kwa sababu nikiongeza sijui nitaishia wapi.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa kwanza kati ya watatu, akaanza shule ya msingi mwaka 1962, akaendelea na sekondari, na mwaka 1976 akahitimu stashahada ya ufundi wa maabara. Januari 1977 aliajiriwa kutunza maabara ya shule ya sekondari ya wasichana, akabaki hapo hapo miaka thelathini na minane, akipima chumvi na tindikali kwa ajili ya majaribio ya wanafunzi, nao wakambandika jina la Mama Gramu, ambalo alijifanya halijui.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa magari, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mpima ardhi na kijana ambaye ni mwokaji mikate, na shemeji akatutangulia mwaka 2011.

Tarehe 22 Agosti 2017, akiwa amestaafu, aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na fimbo na miguu iliyokonda, hata kuinuka kwenye kiti ikawa mpaka ashikwe mkono. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwanzishia kunyanyua vyuma vidogo mara tatu kwa wiki, na baada ya kuhakikisha hana maradhi mengine akamshauri aongeze unga wa kreatini, kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe na ambacho kimo pia katika nyama na samaki, akamwonya kwamba bila mazoezi unga ule peke yake usingemsimamisha. Kila asubuhi dada alichota koponi na kupima gramu tano kwenye maji ya uvuguvugu, akanywa akiwa amesimama, na kufikia katikati ya mwaka uliofuata fimbo ilikuwa nyuma ya mlango, naye amekusanya wanawake tisa wa mtaani wanaofanya mazoezi uani kwake. Sisi tulicheka, mimi nikimwita bondia.

Sasa nafika mahali ambapo ningeweza kuruka, lakini binti yake amesema, "Mjomba, soma yote."

Mwezi Mei 2021 dada alipimwa damu kwenye zahanati moja, siku moja baada ya mazoezi mazito, na karatasi ikaonyesha kreatinini, taka ambayo figo huichuja kwenye damu, iko juu, akaambiwa figo zinaanza kushindwa. Mimi niliona neno lile linafanana na la kwenye kopo, nikaona nimeelewa, nikaenda kwake, nikachukua kopo nikalimwaga lote kwenye sinki la jikoni, nikamwambia na vyuma aviache kama hataki kufa. Yeye alisema, "Nipimeni vizuri kwanza," akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Haya, suuza hilo sinki, litaziba."

Alinitii, na sijui kwa nini alinitii. Kufikia Oktoba alikuwa anashikwa tena kuinuka kitini.

Novemba binti yake alimpeleka kwa daktari bingwa wa figo, ambaye alirudia kipimo, akaongeza vingine viwili, akauliza, "Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?" Figo zilikuwa nzima. Alitueleza kwamba kreatini mwilini hugeuka kuwa kreatinini, kwa hiyo anayetumia unga ule anaweza kuonekana mgonjwa kwenye karatasi ilhali haumwi, ndiyo maana anapaswa kumwambia daktari kabla ya kutoa damu, na kwamba mwenye figo mbovu kweli asiuguse bila ushauri. Dada alianza upya na chuma cha kilo moja, ikamchukua miezi saba kurudi alipokuwa kabla sijamwaga lile kopo. Hakunilaumu hata siku moja, nami sikumwomba radhi, tukawa tunazungumza mambo mengine.

Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, asubuhi, alipata kiharusi, mshipa ulipasuka kichwani, akalazwa, na Jumapili tarehe 11, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akafariki, akiwa amebakiza mwezi mmoja na siku tatu kutimiza miaka sitini na tisa. Nilimwuliza daktari kama ni ule unga, akasema hapana, ilikuwa shinikizo la damu, nikamwuliza tena, akasema hapana. Tangu hapo watu wananipa pole nami naitikia, lakini sisikii kitu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wa mazoezi, majirani waliopika na kufagia, na walimu aliofanya nao kazi.

Mwisho, wale wanawake tisa wako hapa, mdogo kuliko wote ana miaka hamsini na minane. Jana walinijia wakaniambia, "Mpaka getini tutambeba sisi." Nilitaka kuwakatalia, nikawaza sinki, nikakubali. Vijana, tafadhali kaeni pembeni, muwapishe njia.

Dada, nisamehe. Pumzika.