Zimwi Letu la Maji Linastaafu: Mzee Bohumír Hadrava

Baada ya miaka thelathini na tisa ya kuitumikia karakana yetu ya filamu za hadithi, Mzee Bohumír Hadrava anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba. Wakubwa walioombwa waandike habari zake walikataa, wakasema watalia. Mimi wa chumba cha mavazi nimekubali, kwa sababu mwenye mtoto mchanga amekwisha kuzoea kufanya kazi katikati ya vilio.

Mzee hakuja hapa kuigiza. Alikuja akiwa seremala. Siku moja mwigizaji aliyepangiwa kuwa zimwi la maji alitia kidole cha mguu bwawani, akakitoa haraka, akasema yeye amesomea jukwaa, hakusomea homa ya mapafu. Mwongozaji wa enzi zile akatazama huku na huku, akamwona seremala mwenye macho makubwa na mdomo mpana.

"Wewe! Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Na kucheka vibaya?"

Bohumír akacheka. Aliyeshika taa akaiangusha. Tangu siku ile nyundo hakuirudia tena.

Hapa kwetu hakuna mtoto asiyelijua zimwi la maji. Ngozi kijani, koti ambalo pindo lake la kushoto linadondoka maji daima, na huko chini kabisa vyungu vidogo vyenye vifuniko, kila chungu na roho ya mtu aliyezama. Pindo likikauka, zimwi limekwisha. Mwigizaji mwingine angeridhika na matone mawili kamera ikishawaka. Mzee hapana. Hata akila supu, pindo limo ndani ya ndoo. "Binti wa mavazi!" ataita kutoka mbali. "Zimwi lako linakata roho huku!" Nami nitakuja mbio na jagi.

Miaka yote hiyo ameshindwa. Ameshindwa na mtoto wa tatu kwa kuzaliwa, ameshindwa na mjinga wa kijiji, na askari aliyerudi vitani, na safari moja ameshindwa na mbuzi. Na kila mara, kabla ya kushindwa, lazima acheke mpaka milima iitikie, kisha amweleze mpango wake wote yule yule anayekuja kumuua. "Ningefunga mdomo mara moja tu, ningeshinda," hupenda kusema. "Lakini waovu hatuna siri." Dukani kwa mikate mtoto mmoja alimpiga teke la goti mbele za watu. Mama mtu alitamani ardhi impasukie. Mzee akamwambia, "Mwache, mama. Mimi nilifanya kazi yangu, naye amefanya yake."

Mwanangu Bětka alianza kuja kazini nami kabla hajajua kukaa. Alilelewa mapajani mwa Mzee akiwa amepakwa kijani mpaka masikioni, na alilala hapo vizuri kuliko kitandani. Siku alipomwona kwa mara ya kwanza amenawa, na mashavu yake mekundu kama ya watu wengine, alipiga kelele hadi tukampaka Mzee rangi kidogo puani.

Sasa niseme juu ya filamu yake ya mwisho, maana ndiyo iliyotunyima usingizi mwaka huu.

Mwongozaji wetu, Vítek Rezek, alitaka hadithi ileile ya kale ya zimwi lililomchukua binti wa msagishaji wa nafaka, lakini safari hii tuione kwa macho ya zimwi. Tuanzie chini ya maji. Watu wa juu tuwaone ni miguu na kulabu tu. Mzee alifurahi kama aliyeposwa. Aliyapenda yote isipokuwa mwisho. Vítek alikuwa ameandika kwamba zimwi lilichekwa utotoni, ndipo likaharibika. Mwishoni linafungua vyungu vyote kwa hiari yake, linaomba radhi kwa maneno mengi, na linacheza ngoma ya harusi pamoja na kijiji kizima.

"Siku hizi, Mzee, mwovu anaeleweka," Vítek alimwambia.

"Kueleweka nakubali. Lakini umenisugua mno, kijana. Umenisugua mpaka nimebaki sabuni."

Hata hivyo alicheza kama alivyoandikiwa, ngoma na yote. Vuli ilipoanza tukaionyesha filamu kwa watoto wa shule jirani, kama desturi yetu. Wakubwa hukaa nyuma, na hawatazami filamu. Hutazama vichwa vya watoto. Mwanzo vichwa vilitulia. Ilipofika ile hotuba ya kuomba radhi, wawili wakaanza kunyang'anyana kofia. Mmoja akapiga miayo, wenzake wakamfuata. Ngoma ilipoanza, msichana mmoja akasimama kabisa na kuuliza, "Sasa mbaya yuko wapi?"

"Hakuna," akajibiwa na mwenzake. "Wote wazuri. Twende zetu."

Bi Drahomíra Vaňková, mkuu wa uzalishaji, hakupandisha sauti. "Mwisho mwingine," alisema. "La sivyo hii inaingia kabatini, na mkesha wa Krismasi tunarudia ya zamani."

Kwa asiyejua uzito wa maneno hayo: mkesha ndio kila kitu. Hakuna nyumba katika nchi hii ambayo siku ile haitazami hadithi kwenye runinga. Mzee anastaafu mwaka ukiisha, kwa hiyo kabati lile lingefungwa moja kwa moja. Filamu zote zilizompiga na kumkausha zingeendelea kuonyeshwa, na ile moja iliyomuuliza yeye anaona nini isingeonwa na mtu. Mzee alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi, akiizungusha tu.

Vítek akaandika mwisho mwingine upesi: kijana anakuja, anafungua vifuniko, zimwi linakaushwa kando ya jiko. Mzee akausoma akaurudisha. "Huu nimeshaucheza mpaka nimeuota. Filamu nzima mnaniuliza naona nini, halafu mwishoni mnaniziba mdomo?" Tukaondoka kwenda bwawani hatuna mwisho.

Tulipofika bwawa la Havraník, bwawa lilikuwa linaondoka.

Hilo ni kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Kila mmoja wetu tangu aote meno amekula karpi na saladi ya viazi mkesha wa Krismasi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza samaki yule hutokaje majini. Hutoka hivi: vuli ikifika, mlango wa maji unafunguliwa, bwawa linamwagika taratibu siku baada ya siku, hata karpi wote wakusanyike kwenye dimbwi la mwisho, na wavuvi wanaingia na juya, wavu wao mkubwa wa kukokota. Tulikuwa tumekuja kupiga picha za chini ya maji mahali ambapo maji yalikuwa njiani kwenda zake.

Vítek alimkimbilia mkuu wa bwawa, Bwana Oldřich Matouš, mtu mnene mwenye suruali ya mpira hadi kifuani.

"Bwana Matouš, funga mlango, hata kwa asubuhi hii tu!"

"Nikifunga, samaki watatawanyika, nami nitaanza upya. Nchi itakula viazi vitupu. Utawaambia wewe?"

"Lakini sisi tunatengeneza filamu ya mkesha!"

"Nami natengeneza chakula cha mkesha. Kwenu huwa mnatazama kwanza au mnakula kwanza?"

Wavuvi wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Liwekeni zimwi lenu kwenye karai!" Mwingine, "Mpeni taulo kabisa, maskini!"

Bwana Matouš hakuwa mtu mbaya. Alituonyesha kigingi cheupe kilichosimama majini. "Maji yakishuka hadi kitako cha kile, vijana wangu wanaingia. Kabla ya hapo bwawa ni lenu. Siwezi zaidi."

Maji yalikuwa yakishuka huku tunayatazama. Vyungu vyetu, tulivyovipanga kwa uangalifu chini ya maji siku zile za kiangazi, vilianza kujitokeza kimoja kimoja, vina matope hadi kwenye vifuniko. Mpiga picha aliuliza aelekeze wapi kamera. Vítek alikaa juu ya sanduku, kichwa mikononi. Upepo ulikuwa wa baridi na jua limetoka, hali ya hewa mbaya kuliko zote kwa koti linalotakiwa kuwa bichi.

Mzee, ambaye nilikuwa nimekwisha kumpaka rangi, alisimama ukingoni akivitazama vile vyungu.

"Vítek, roho hutokaje kwenye chungu?"

"Kama povu, Mzee. Hupanda majini."

"Na maji yakiisha?"

Vítek akainua kichwa. "Haitoki."

"Basi na zimwi linalijua hilo. Washeni kamera." Kisha akanigeukia. "Binti, likamue koti lote likauke, isipokuwa pindo. Pindo lijaze mpaka lilie."

Nikalijaza. Akashuka kwenye tope, likamshika magotini, kisha mapajani. Tope la bwawa la zamani halina urafiki, na Mzee si kijana. Nilitaka kupiga kelele arudi. Kamera ikawageukia wavuvi waliojipanga ng'ambo na nyavu zao, wakisubiri kigingi, na hakuna msanii ambaye angeweza kuwapanga vizuri zaidi: walionekana hasa kama kijiji kilichokuja kumaliza kazi.

Zimwi likawaona. Likakumbatia vyungu vyake, vitatu, vinne, likaonyesha meno. "Vyangu! Vyangu hivi!" Halikujuta hata chembe. Likajaribu kukimbilia dimbwi lililobaki, tope likalikamata, vyungu vikamtoka Mzee mikononi na kuzama. Kikabaki kimoja, cha binti wa msagishaji. Lilitazama maji, yako mbali. Likatazama wavuvi. Mwisho likatazama pindo lake.

Lilikaa hivyo muda mrefu. Kwa pembe ya jicho nilikiona kigingi: maji yalikuwa yamekifikia kitako. Tusingepata nafasi ya kurudia.

"Ungekaa na mimi," Mzee alikiambia chungu polepole, maneno ambayo hayakuandikwa popote, "ungepungukiwa nini?"

Kisha akasogeza kifuniko kikabaki upenyo, akashika pindo kwa mikono miwili, akalikamua. Maji yakajaza chungu, akaendelea kukamua hata tone la mwisho likakataa kuanguka na yeye akalisubiri. Akakiondoa kifuniko. Povu lilitiwa baadaye na mafundi. Pale hapakuwa na kitu ila mtu mzima wa kijani, mdomo wazi, akisindikiza kwa macho kitu kinachopanda. Hakucheka. Hakuomba radhi. Alishusha mikono tu.

Kigingi kilikuwa wazi kitambo. Wavuvi walikuwa wamekwisha kuinua juya, na Bwana Matouš alikuwa ameinua mkono kuwazuia, akabaki nao hewani. Vítek alisahau kusema imetosha. Ni Mzee mwenyewe aliyeita, kwa sauti yake ya kawaida, "Jamani, zimwi limenasa kweli!"

Tope lilikuwa kiunoni na lilikuwa linamvuta. Wavuvi ndio waliorukia mbao, wakazilaza, wakalala kifudifudi juu yake na kumshika kwapani. "Vuteni upesi," Bwana Matouš alifoka huku akijifuta pua, "kabla sijalia mbele ya samaki wangu!" Mabuti ya Mzee yamo bwawani mpaka leo.

Tukawaalika watoto walewale. Bi Drahomíra alikaa nyuma, mikono imekunjwa. Mimi nilishindwa kutazama hata vichwa, nikawa nasikiliza tu. Chungu cha mwisho kilipofika, ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia mashine ya joto ukutani. Mvulana mmoja akauliza, "Kwani si yeye ndiye mbaya?"

Msichana aliye karibu naye akamjibu bila kugeuka, "Ndiye. Nyamaza, tumwone."

Bi Drahomíra hakungoja taa ziwashwe. Alisema neno moja, "Mkesha," akatoka.

Basi mkesha huu uliopita nchi nzima imemwona Mzee wetu. Mama Zdena, mkewe, ana desturi yake: kila mwaka humpigia makofi yule kijana anayekuja kumuua mumewe, tena kwa makusudi, na mumewe ameketi hapo hapo. Mwaka huu, Mzee ametusimulia, hakupiga makofi. Filamu ilipokwisha alikaa na sahani mapajani, kisha akamgeukia kwa hasira kabisa. "Bohumír, ungemficha yule binti mmoja tu. Nani angejua?"

Mzee Bohumír, asante kwa kukubali kushindwa miaka yote hii ili watoto wetu walale salama, na asante kwa kutuonyesha kwamba hata anayeshindwa ana upande wake. Karakana itatafuta mwingine. Inshallah atapatikana, ingawa hatuna haraka. Wewe na Mama Zdena tunawaombea afya, ndugu wengi mezani, na majira ya baridi ya kukaa ndani kama watu wengine. Maisha mema, baba yetu. Bětka naye anakupungia mkono.