Jitu, Kifungua Mimba wa Dammitu

Wasikilizaji wapendwa, leo mji wetu wa Jimma umefunga maduka. Jitu, dada yetu muuza kahawa, ametutoka. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Alifika kwa Mama Dammitu akiwa na miaka minne, yatima, kavaa gunia lililotobolewa mikono. Dammitu na mumewe hawakuwa na mtoto, wala hawakuwa na kitu. Dammitu alikuwa kibarua wa kuchambua kahawa. Mbele ya wazee akamlambisha Jitu asali kidoleni, akasema, "Huyu ni wangu." Kwetu Waoromo, likishasemwa hilo halirudi nyuma.

Miaka saba baadaye akazaliwa Tolera. Weee, majirani na midomo yao! "Mwenye nyumba kaja. Wewe fungasha virago." Na Jitu akafungasha kweli, maskini. Dammitu alimkuta mlangoni na kifurushi chake. Hakumgombeza. Alimketisha, akampakatisha kichanga.

"Mpe jina. Wewe ndiye kifungua mimba wangu. Huyu ni mdogo wako."

Jitu akamwita Tolera. Tangu siku hiyo, kahawa ikimiminwa, kikombe cha kwanza cha watoto kikawa cha Jitu.

Alipokua, alianza na kikaango kimoja, akiuza nyumba kwa nyumba. Likaja gunia. Likaja lori. Kila gunia liliandikwa jina moja tu: DAMMITU. Dalali mmoja akamnong'oneza, "Dada, punje mbovu weka chini. Nani ataona?"

"Mama ataona. Jina lake hilo hapo juu, au hujui kusoma?"

Wanunuzi wa Addis Ababa wakafika mahali hawakagui tena magunia yake. Wanawake tisini wanalisha watoto wao kwa kazi ya Jitu. Nasema tena, tisini!

Jana msibani, kahawa ilipomiminwa, Tolera akapewa kikombe cha kwanza. Mzee wa miaka sitini, akakirudisha.

"Sijawahi kuwa wa kwanza nyumba hii," alisema. "Nani ataniita mdogo wangu sasa?"

Tulilia sote, sina haja ya kuficha.

Pole sana, Tolera. Poleni wafanyakazi, poleni Jimma nzima. Na wewe unayenisikiliza, nyumbani kwako yupo mtoto ambaye wageni wakija unasema, "Huyu tulimchukua tu"? Anakusikia. Chungulia chini ya kitanda chake, huenda kifurushi keshakifunga.